UZI: Unachagua chakula na unakwenda kuishi na familia Ujerumani? Soma hapa kabla ya kufunga begi

Mtoa mada (Mwanza)

Wakuu, habari za wakati huu.

Vijana wa hapa Mwanza wamekuwa wakienda Würzburg, Ujerumani, kwa miaka mingi sasa. Miji hii miwili ina udugu tangu 1966, na upande wa tiba hospitali yetu ya Bugando na chuo kikuu cha kule wanatembeleana. Wapo wanaokwenda kusoma, wapo wanaokwenda kwa mwaka wa kujitolea, na wapo ambao hawapangi chumba bali wanapokelewa na familia na kuishi kama watoto wa nyumba.

Kabla ya safari kijana anafundwa mambo mengi: viza, bima, koti la baridi, kuwahi miadi. Ikifika zamu ya chakula anaambiwa "utazoea tu", yameisha. Kwa mtu anayekula chochote neno hilo linatosha. Kwa mtu kama mimi, ambaye tangu utotoni harufu ya maziwa ya moto inanifunga koo, halitoshi hata kidogo. Nimeishi na familia kule, nimekula mezani kwao asubuhi na jioni, nimerudi. Naandika kwa ajili ya wenzangu tunaochagua chakula, na wazazi wetu, kwa sababu nimeona vijana wenye adabu kabisa wakilala njaa ndani ya nyumba ambayo friji imejaa, na wenyeji hawana habari.

Shauri langu kubwa ni kusema mapema, kusema wazi, na kujibu kweli unapoulizwa kama unataka.

Huku kwetu mgeni akikaribishwa anasema "asante, nimeshiba", na mwenye nyumba anajua hiyo ni heshima. Anakaribisha tena. "Onja hata kidogo, usinivunje moyo." Mara ya tatu mgeni anasogea, ananawa, anakula. Hakuna aliyedanganywa hapo, kila mmoja ametimiza wajibu wake. Kule ukisema hapana, umesema hapana. Bakuli la viazi linakufikia, unalikataa kwa adabu ukingoja ubembelezwe, linakwenda kwa jirani yako, linawekwa pembeni, meza inaondolewa. Hawafanyi hivyo kwa ubaya. Kwao kumsukumia mtu chakula alichokwisha kukataa ni kumdharau, kama vile hajui tumbo lake mwenyewe. Mama wa nyumba naye anajisemea kwamba huyu binti mlaji mdogo, na kesho yake anapunguza kipimo. Ukitaka, sema ndiyo mara ya kwanza. Ukitaka zaidi, omba. Kuomba kuongezwa ni kumsifu mpishi.

Kuna kingine kinachowashtua watu wa ugali. Kule, katika nyumba nyingi, chakula cha jioni hakipikwi. Mlo wa moto ni wa mchana, ingawa siku hizi penye wazazi wote kazini huhamia jioni. Jioni unakuta mkate wa kahawia, mzito, wenye uchachu kidogo, siagi, vipande vya jibini vya kila aina, soseji zilizokatwa nyembamba, nyanya na matango ya siki. Hakuna sufuria jikoni, hakuna kinachotoa mvuke. Mtu aliyezoea kufunga siku kwa ugali na sato wa mchuzi anakaa mezani akidhani hivi ni vitangulizi. Ndicho chakula chenyewe. Kula ushibe hapo hapo.

Sasa hiyo meza ya jioni ndiyo ngumu kwetu, maana jibini lina harufu, na mengine yana harufu kali ya kuingia chumba kizima. Mimi katika siku za mwanzo nilikaa na mama mwenyeji nikamweleza: maziwa ya moto siwezi, jibini la harufu siwezi, kitu cha kuteleza mdomoni siwezi. Kisha nikamweleza ninavyokula: viazi vya namna yoyote, mayai, samaki, kuku, wali, kabichi, maharage, matunda. Uso wake ulibadilika alipoanza kusikia ile sehemu ya pili. Mkimwambia mpishi mnachokataa peke yake mmemfungia milango, hajui apite wapi. Mkimwambia na mnachokula, anajua kesho atapika nini. Andikeni hata kwenye barua pepe ya kwanza, kabla hamjapanda ndege.

Na samaki wapo. Eneo lile la Franken wana samaki wa mabwawa anaitwa Karpfen, analiwa kuanzia Septemba hadi Aprili. Wanampasua katikati kwa urefu, kichwa hadi mkia, kila mtu anapata nusu yake, ametiwa unga akakaangwa mpaka mapezi yanakuwa makavu na kutafunika kama bisi. Pembeni saladi ya viazi. Siku walipoleta huyo mimi nilijisikia niko nyumbani. Wenzangu mezani walikula mnofu wa mgongoni, kichwa wakakiacha. Nikaomba ruhusa ya kutumia mkono, nikafungua shavu, nikatoa ule mnofu mdogo wa mviringo ulio chini ya jicho, nikamwekea mama mwenyeji kwenye ukingo wa sahani yake. Akaonja. Akaweka uma chini, akaniambia nimwonyeshe na la upande wa baba.

Nakaribisha maswali.

Mchangiaji (Kirumba)

Mtoa mada nakuheshimu, ila hapa nakukatalia. Kuchagua chakula ni malezi. Sisi tumelelewa kwenye sinia moja watoto wengi, ukisema mlenda hutaki wenzako wanakushukuru, na usiku njaa inakufundisha. Mgeni njoo mwenyeji apone, wewe unamwambia mgeni aende na orodha? Kijana anapokelewa bure, analala bure, halafu anamwambia mwenye nyumba apike nini? Mimi wa kwangu nitamwambia ale alichopewa.

Mtoa mada

Mkuu, nimekuelewa, na sinia hilo nimelila pia. Kushukuru na kutokubeza chakula cha watu, hapo tuko pamoja. Mtu asikunje uso, asishike pua, asiulize "hii nini?" kwa sauti ya kinyaa. Hilo ni la malezi kweli.

Ila mdomo wenyewe si malezi peke yake. Watu tunazaliwa na ulimi tofauti. Kuna jeni inaitwa TAS2R38 ambayo kwa baadhi ya watu inafanya uchungu wa mboga za jamii ya kabichi uwe mkali sana, na mwenzake aliyekaa naye mezani hausikii kabisa. Halafu sehemu kubwa ya tunachokiita ladha inapitia puani, kwa hiyo mwenye pua kali anakula chakula kingine na wewe ingawa sahani ni moja. Na kuhusu njaa kufundisha: waliochunguza watoto wameona kwamba mtoto anaweza kuhitaji kuletewa chakula kilekile mara 8 hadi 15 ndipo akikubali, tena bila kulazimishwa. Ukimlazimisha anazidi kukichukia, na chuki hiyo anaweza kukua nayo.

Hapo ndipo penye dawa hata kwa mkubwa. Kila kinapoletwa, chukua kijiko kimoja, usisubiri kukipenda. Mimi kabichi yao iliyochachushwa niliianza hivyo, kijiko, kijiko, mpaka nikawa najipakulia mwenyewe. Na kwa mtu aliyekulia ugali wa udaga, uchachu ule si mgeni. Jibini la harufu sijalikubali mpaka leo, na wale wazee hawakunichukia kwa ajili hiyo, maana waliona naonja.

Kuhusu orodha, mwenyeji wa kule anaiuliza mwenyewe. Fomu nyingi za kupangiwa familia zina sehemu ya chakula. Vijana wetu wanaandika "nakula kila kitu" kwa kuogopa kukosa nafasi, halafu wanateseka mwaka mzima.

Mchangiaji (mama, Nyakato)

Hongera mwanangu kwa uzi huu. Binti yangu anaondoka Septemba na ni wale wale wa kuchagua. Nataka nimfungie dagaa, samli kidogo na maembe makavu na mabichi. Wataniruhusu? Na je, akipika dagaa ndani ya nyumba za watu si watamfukuza kwa harufu?

Mtoa mada

Shikamoo mama. Asante sana.

Samli usiweke. Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kutoka nchi zetu kuingiza nyama wala vitu vya maziwa kwenye begi, wanachukua na kutupa, na anaweza kupigwa faini. Samaki ni habari nyingine: anaruhusiwa hadi kilo 20 kwa matumizi yake mwenyewe, kwa hiyo dagaa wako wa soko la Mwaloni wanapita. Chagua waliokauka vizuri, wasio na mchanga, wachambue, funga mifuko miwili miwili, na akiulizwa forodhani aseme wazi ni samaki wakavu. Matunda mabichi yanahitaji cheti cha afya ya mimea isipokuwa machache yaliyosamehewa, yakiwemo nanasi, nazi, ndizi na tende. Embe halimo, kwa hiyo mabichi mle huku mkimuaga. Kabla ya safari afungue tovuti ya forodha ya Ujerumani aangalie kanuni za mwaka huo.

Unga wa ugali usimbebeshe. Maduka ya Waafrika yanauza mweupe, na dukani kwa kawaida kuna unga wa mahindi wa njano wa chengachenga, unasongeka ukiuvumilia.

Harufu, mama, ni jambo la kuombea ruhusa. Asikaange. Dagaa wa kukaanga katika nyumba iliyofungwa kwa baridi wanakaa kwenye mapazia siku kadhaa. Aloweke kwenye maji ya moto, aoshe mara mbili tatu, abandike na nyanya na kitunguu, afunike, afungue dirisha. Wajerumani wenyewe wanapenda sana kufungua madirisha hata theluji ikiwa nje, hawatashangaa. Na amwambie mama mwenyeji siku moja kabla.

Mchangiaji (Malimbe)

Mimi niko upande wa pili wa uzi huu. Nyumbani kwetu alikaa binti wa Kijerumani aliyekuja kujifunza Kiswahili, na naye alikuwa anachagua. Naomba niseme kidogo kwa familia zinazopokea wageni hapa Mwanza.

Shida yake haikuwa ugali. Ugali na mchicha wa karanga alikula tangu siku ya pili. Shida ilikuwa macho. Dagaa wanakutazama, ndivyo alivyosema. Akawa anawachambua mmoja mmoja, kichwa huku, mwili kule, mpaka chakula kinapoa, watoto wamemaliza wanamwangalia. Shida ya pili ilikuwa mimi. Akisema "nimeshiba" namwongeza, kama ninavyomwongeza mgeni yeyote. Yeye alikuwa ameshiba kweli. Na kwao wamefundishwa kutobakiza chakula kwenye sahani, kwa hiyo akawa anakula mpaka anaumwa tumbo, mimi nafurahi kwamba mtoto anakula. Nilikuja kujua siku alipolia kwenye simu na mama yake.

Tulichofanya ni kidogo tu. Tuliacha kumpakulia. Vyombo vyote mezani, sahani tupu mbele yake, anachukua anachotaka kwa kiasi anachotaka, na sisi tunanyamaza. Mama mkwe wangu ilimsumbua, aliona tumemtelekeza mgeni. Ila ndani ya muda mfupi binti alikuwa anagusa kila bakuli. Sato wa kukaanga alimpenda mwenyewe. Mlenda alionja akasema hapana, tukakubali, maana hata mwanangu wa kwanza hali. Dagaa alikuja kula baada ya kwenda Mwaloni kuona wanavyoanikwa na akina mama wanavyofanya kazi pale. Alirudi na kilo moja aliyonunua mwenyewe, akapika mwenyewe, vichwa akatoa.

Kitu kilichotushangaza: sangara alikuwa anamjua. Anasema kwao wanamla.

Mtoa mada

Dada wa Malimbe, Mungu akubariki, hili la sahani tupu liandikwe kwa herufi kubwa. Linafaa kote kote.

Na la sangara ni kweli. Minofu ya sangara inayotoka kwenye viwanda vya ziwa letu inauzwa Ujerumani kwenye majokofu ya maduka, wanamwita Viktoriabarsch. Kijana wa Mwanza akikwama, aende na mwenyeji wake dukani aombe huyo. Hana mwiba, hana kichwa, hatishi mtu yeyote pale mezani, na wewe unakula samaki wa nyumbani. Mimi nilikuwa napika mchemsho wake wenye ndimu, kitunguu, nyanya na pilipili hoho, na mzee wa nyumba alikuwa anachovya mkate kwenye mchuzi mpaka bakuli linang'aa.

Mchangiaji (Igoma)

Swali kwa sisi Waislamu. Soseji hizo ni za nini? Na ukiwa mchaguzi juu ya hapo si utakula mkate mtupu?

Mtoa mada

Ndugu, soseji nyingi za kule ni nguruwe, na hata ukiambiwa ni za ng'ombe uliza kama hazikuchanganywa. Neno la kuangalia kwenye pakiti ni Schwein. Pipi laini za kutafuna nyingi zina jelatini ya nguruwe. Pia Würzburg ni mji wa mashamba ya mizabibu, divai inaingia kwenye sosi na vitamutamu, kwa hiyo uliza kabla ya kula. Kuna maduka ya Waturuki karibu kila mji mkubwa, nyama ya halali inapatikana, na mkate wao ni laini kuliko ule wa kahawia.

Ila hapa naomba msichanganye. Mezani usitumie dini kufunikia usichokipenda. Ukisema dini inakukataza jibini, wiki ijayo wakakuona unakula pitsa, hata lile la nguruwe hawatakuamini. Kilichokatazwa kiite kilichokatazwa, usichokipenda kiite hivyo. Wenyeji wanaheshimu vyote viwili.

Mchangiaji (muuguzi, Mwanza)

Niongeze la afya kwa kifupi. Kuchagua chakula kwa kawaida hakuna madhara mtu akiwa na vyakula vya kutosha vya kuzunguka. Lakini kijana akianza kupungua uzito mfululizo, nguo zinamvuka, anapata kizunguzungu, binti anakosa hedhi, au anaogopa kula kwa hofu ya kupaliwa au kutapika, hilo si kudeka. Kuna hali inayotambuliwa kitabibu kwa kifupi ARFID, yaani tatizo la kuepuka chakula au kula aina chache mno, iliingia rasmi kwenye mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili mwaka 2013. Haihusiani na kutaka kuwa mwembamba. Inatibika. Amwambie mwenyeji, ampeleke kwa daktari, bima yake ipo kwa kazi hiyo. Na wazazi mnaopiga simu ya video, msimwambie tu "umependeza, umepungua". Mwulizeni jana amekula nini.

Mtoa mada

Asante muuguzi. Wazazi wasome hapo mara mbili.

Kuna aliyeuliza inboksi kama awapikie wenyeji siku ya kwanza. Siku ya kwanza pumzika. Baada ya wiki moja au mbili, ukishajua vyombo viko wapi, omba jikoni siku ya mapumziko. Usipike vitu vingi. Ugali mdogo, sangara, mboga moja, basi. Waeleze wanavyomega na kuchovya, waache wajipakulie, na asiyetaka kutumia mkono mpe uma. Kijana wa nyumba yangu alikula ugali kwa kisu na uma kama keki, nikamwacha, alishiba.

Mama wa Nyakato, binti yako akifika Septemba msimu wa Karpfen ndiyo unaanza, amwambie mwenyeji kwamba anakula samaki wa kichwa, watafurahi. Na kuhusu Krismasi: usiku wa tarehe 24 familia nyingi hawapiki makubwa, wanakula soseji na saladi ya viazi. Asione kama hakuna sikukuu. Bata na bata bukini hupikwa zaidi tarehe 25 na 26, na karibu navyo wanaleta madonge ya viazi yanayoteleza kidogo. Kama anachukia kuteleza kama mimi, ayakate vipande vidogo, ayamwagie mchuzi wa nyama, aanze na kimoja.